"Nakiri" Siyo "Admit": Kitenzi Kimoja cha Kizungu Kilivyotaka Kumponza Dada wa Goba

Kuna watu wamepoteza kazi kwa kuiba. Kuna waliopoteza kazi kwa kuchelewa, kwa kujibu ovyo, kwa kuposti wasichotakiwa kuposti. Halafu kuna huyu dada wa Goba, ambaye kazi yake ilining'inia kwenye uzi kwa sababu ya kitenzi cha Kiingereza chenye herufi tano tu.

Jina lake tuliache. Ana miaka 27, amepanga chumba na sebule kule Kinzudi, na alikuwa na mwaka wa pili kwenye ofisi moja ya Mikocheni inayoandaa matukio: harusi za wenye nazo, mikutano, uzinduzi wa bidhaa. Kila siku alfajiri ni boda mpaka Tangi Bovu, halafu daladala na msongamano wa Barabara ya Bagamoyo. Watu wa Goba mnaijua hiyo safari. Kazini alikuwa anapendwa. Mchapakazi, hana maneno mengi, simu yake haizimwi.

Kosa lake lilianzia kwenye masurufu. Alipewa 1,850,000 kwenda Morogoro siku tatu kusimamia mkutano. Si mnajua mambo ya maofisini Bongo: ukirudi safari unatakiwa "ku-retire". Hapo wala haimaanishi kustaafu. Maana yake unarudisha hesabu: stakabadhi hizi hapa, chenji hii hapa. Na uhasibu wanataka risiti ya EFD, ile ya mashine. Sasa mwambie mama ntilie wa pembeni ya ukumbi akupe risiti ya EFD ya wali na maharage uone atakavyokuangalia.

Wiki tatu zikapita, 310,000 haina risiti. Siku ya Ijumaa jioni ikaingia barua pepe kutoka HR. Barua ya kujieleza. Kiingereza mwanzo mwisho, na kile Kiingereza cha "hereby" na "whereas". Inasema anatuhumiwa kutumia vibaya fedha za ofisi, na ajieleze kwa maandishi kabla ya kikao cha nidhamu.

Jibu la kwanza lilikuwa sahihi

Hapa ndipo kisa kinapouma. Usiku ule alikaa kitandani na simu, akaandika: "I got your letter. I did not steal the money. I want to explain." Nimepata barua yenu, sikuiba hela, nataka kueleza. Mistari mitatu, kila neno liko mahali pake. Mtoto wa kidato cha pili anaandika hivyo na Mwingereza anamwelewa.

Akaiangalia. Akaona inafanana na meseji ya WhatsApp. Barua ya HR imevaa suti na tai, yake imevaa kandambili. Akawaza watasema huyu shule alienda kufanya nini. Akafuta.

Akaanza kutafuta maneno mazito. Kichwani alikuwa na Kiswahili kizuri tu cha barua za serikali, kile cha "nakiri kupokea barua yako yenye kumbukumbu namba fulani". Akachukua simu, akatafuta "kiri" kwa Kiingereza. Ikaja "admit". Safi. "Kukataa"? Ikaja "refuse". Akaweka. Kwenye "want" akaona ni neno la kitoto, akapandisha mpaka "demand". Jibu lililotoka Goba saa sita usiku likasomeka hivi:

"I admit your letter of allegations about the imprest. I refuse that I stole the money. I demand to explain at the hearing."

Akatuma, akalala usingizi mzuri. Alidhani ameandika kisomi.

"Mwanangu, mbona umekiri?"

Nyumba anayopanga ina mzee jirani, karani wa mahakama mstaafu. Jumamosi asubuhi dada akapita kumsalimia, "Shikamoo mzee", na kwa kuwa bado alikuwa na dukuduku akamwonyesha alichoandika. Mzee akavaa miwani. Akasoma mara moja. Akarudia. Akavua miwani.

"Mwanangu, mbona umekiri?"

"Nimekiri kupokea barua, mzee."

"Wewe ndiyo ulitaka kusema hivyo. Huku umekiri tuhuma."

Kisha akamfundisha kitu ambacho shule haikumfundisha. Kiswahili kina neno moja, "kukiri", linalofanya kazi mbili. Kwenye barua ya ofisi, nakiri kupokea ni kusema tu kwamba barua imefika. Mahakamani, mshtakiwa akikiri, amemaliza: ni kweli nimetenda. Kiswahili tunatofautisha kwa neno linalofuata. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa vitenzi viwili. Barua imefika ni "acknowledge". Kosa ni langu ni "admit". Ukiweka "admit" karibu na neno "allegations", msomaji hatafuti barua iko wapi. Anaona mtu amekubali kosa.

"Na hili la pili," mzee akaendelea, "refuse ni kukataa kufanya jambo. Umeambiwa saini, hutaki. Kukana tuhuma ni deny. Na demand, mwanangu, hapo unamdai HR kama unadai kodi ya nyumba."

Dada aliangalia simu. Barua pepe ilishafika tangu saa sita usiku. Hii siyo WhatsApp kwamba utafuta kwa watu wote.

Kiswahili siyo maskini, kinakata pengine

Kabla hujasema Kiswahili hakina maneno, subiri kidogo. Kila lugha ina mahali inapokata nyama vipande vidogo, na mahali inapoacha pande zima.

Chukua neno "sorry". Mtu kajikwaa, Mzungu anasema "sorry". Mtu kakukanyaga mguu, anasema hilohilo "sorry". Sisi tuna "pole" na tuna "samahani", na hakuna Mswahili anayekosea. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala la Makongo halafu ukamwambia "pole", utashuka na jina lako jipya.

Au angalia watu wanavyotoka madarakani. Edward Lowassa alipouachia uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008 kwa sakata la Richmond, magazeti yaliandika amejiuzulu. Job Ndugai alipouachia uspika tarehe 6 Januari 2022, kajiuzulu. Mwalimu wa miaka 60 akimaliza utumishi, kastaafu. Mkurugenzi akiondolewa na Rais, uteuzi wake umetenguliwa, na tangu 2015 mtaani tunasema katumbuliwa. Hakuna anayechanganya haya. Kiingereza nacho kina yake: "resign" kwa anayeondoka mwenyewe, "retire" kwa anayestaafu, "revoke" kwa uteuzi unaotenguliwa, "dismiss" kwa anayefukuzwa. Hapo lugha zote mbili zimekata sawa, ndiyo maana ni rahisi.

Shida inakuja pale Kiswahili kina pande moja na Kiingereza kina vipande vinne. "Kukataa" ndiyo mfano wa kwanza. Twende mtaani kidogo:

Umealikwa kamati ya harusi na mchango huna, unajibu kwa adabu kwamba hutaweza. Hiyo ni "decline".

Zilipendwa wako amerudi na maua na maneno matamu, unamfungia geti. Hiyo ni "reject".

Mtu kasema ana watoto wawili na wewe kijijini umewaficha, unasema si kweli. Hiyo ni "deny".

Mpenzi anataka nywila ya simu yako, humpi. Hiyo ni "refuse".

Sasa ukitoa skrinshoti, tarehe na mashahidi mpaka aliyekusingizia akakosa pa kushika, hapo ndiyo umefika kwenye "refute". Watu wengi wanaandika "refute" wakidhani ni "deny" iliyovaa suti. Kwa matumizi makini, "deny" unahitaji mdomo tu. "Refute" unahitaji ushahidi.

"Kukubali" nako kuko hivyohivyo. Umepewa kazi ukaipokea, "accept". Umepatana na mtu bei, "agree". Umesema kosa ni lako, "admit". Mdahalo umekuzidi ukasema sawa, hoja hiyo nakuachia, "concede". Kwa Kiswahili zote unaweza kusema "amekubali" na maisha yakaendelea.

Na kuomba? "Ask" ni ya kawaida. "Request" ni ya heshima na ndiyo ya barua. "Require" ni ya mwenye mamlaka: utaratibu unataka. "Demand" ni ya mwenye haki anayegonga meza. Mama mwenye nyumba anaweza ku-"demand" kodi ya miezi sita. Wewe unayetaka akupunguzie, ni "request", na ikibidi piga magoti.

Vitenzi vimeshaleta vita, siyo utani

Kama unadhani haya ni mambo ya walimu wa lugha tu, waulize Waethiopia. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik II na Italia walitia saini Mkataba wa Wuchale, kwa lugha mbili. Kifungu cha 17 cha Kiamhari kilisema mfalme anaweza kuitumia Italia kuwasiliana na mataifa mengine. Cha Kiitaliano kilisomeka kama amefungwa kufanya hivyo, na kwa tafsiri hiyo Italia ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. "Anaweza" kwa huyu, "lazima" kwa yule. Menelik akaukana mkataba, na mwisho wa ubishi ulikuwa vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, Waitaliano wakapigwa vibaya.

Tofauti hiyohiyo ipo kwenye sheria zetu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza kwamba "may" inampa mtu uhuru wa kuamua, na "shall" inamaanisha jambo hilo lazima lifanyike. Ukisoma mkataba wako wa kazi, zihesabu hizo mbili. Kama mwajiri ana "may" tupu na wewe una "shall" tupu, angalau ujue unasaini nini.

Na sote tulishaonywa mapema. Mtihani wa NECTA unaposema "mention" wanataka majina tu. Ukisema "explain" wanataka maelezo. Wangapi walitaja tu pale walipotakiwa kueleza, alama zikaenda?

Siku ya kikao

Mzee hakumwacha dada na uoga wake. Alimwambia mambo mawili ambayo kila mwajiriwa wa nchi hii anapaswa kuyajua.

La kwanza: Kanuni za Utendaji Bora za ajira, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, kanuni ya 13, zinasema kabla ya kikao mwajiri amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaweza kuielewa. Pia apewe muda wa kutosha kujiandaa, ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na anaruhusiwa kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake.

La pili: wala asiombe radhi kwa kuomba Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kama jaji anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, HR wa Mikocheni atashindwa nini?

Jumapili nzima dada akaitumia kutafuta ushahidi. Alimpigia mama ntilie wa Morogoro, akamtumia picha ya daftari lake. Akachimbua meseji za malipo ya simu: chakula 170,000, vijana wa kubeba vifaa 80,000. Ya boda, 60,000, ililipwa taslimu kidogokidogo. Haikuwa na karatasi wala meseji.

Kikao kikawa Jumatano. Waliokaa upande wa pili walikuwa watatu. Pembeni yake alikaa kaka wa stoo, ndiye aliyekubali kumsindikiza. HR akafungua kwa Kiingereza, na jambo la kwanza alilosoma kwa sauti lilikuwa ile barua pepe ya saa sita usiku. Akaisoma polepole. "I admit." Akanyamaza. Akauliza kama kuna haja ya kuendelea, maana mhusika ameshakubali mwenyewe.

Dada akasema: "Naomba kuzungumza Kiswahili." Mwenyekiti, mama mtu mzima wa idara nyingine, akatikisa kichwa kuruhusu.

Akaeleza kila kitu. Kwamba alitaka kusema nakiri kupokea. Kwamba sentensi inayofuata, pamoja na ubovu wake, inasema hakuiba, na hakuna mtu anayekiri kosa kwenye mstari wa kwanza halafu akalikana kwenye wa pili. Hapo mwenyekiti akaichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe. Mjumbe mmoja akasema maandishi ni maandishi. Mama akamjibu, "Basi tuyasome yote."

Ushahidi ukawekwa mezani. 250,000 ikaeleweka. Ikabaki 60,000 ya boda. Wakapendekeza akatwe kwenye mshahara, yaishe. Akasema sawa.

Fomu ikaandaliwa, kwa Kiingereza kama kawaida yao, na kwenye mstari wa sahihi iliandikwa kwamba mfanyakazi ana-"admit" matumizi mabaya na kuridhia makato. Wiki moja nyuma angesaini bila kusoma. Safari hii akaweka kalamu chini. Akaomba ibadilishwe iwe "I agree to the deduction of 60,000 shillings, without admitting any misuse". Nakubali makato, sikiri kosa. Kwa Kiswahili ni "kukubali" na "kukiri". Kwa Kiingereza ni "agree" na "admit". Kaka wa stoo anasema HR alimwangalia kwa muda, kisha akageukia kompyuta na kuandika upya.

Dada akapewa onyo la maandishi kwa kuchelewesha hesabu. Kazi ipo. Ila ile barua pepe ya saa sita usiku bado imo kwenye faili lake, na atakayekuja kulifungua miaka mitano ijayo ataanza kwa kusoma "I admit". Aliomba maelezo ya kikao yabanwe pamoja nayo kwenye faili. Wakakubali. Na hilo aliliomba kwa "I request".

Kabla hujabonyeza kutuma

Mambo machache ya kuondoka nayo, kwa wewe ambaye barua yako haijafika bado.

Kitenzi rahisi unachokijua kinakulinda kuliko kizito unachokibahatisha. "I received your letter" haijawahi kumfukuzisha mtu kazi. "I did not do it" inaeleweka duniani kote.

Ukitafuta neno kwenye simu, usitafute neno moja moja. Tafuta sentensi nzima, halafu igeuze irudi Kiswahili uone imerudi na maana ileile au imerudi na mgeni.

Ukiona "admit", "accept", "waive" au "undertake" juu ya mahali pa sahihi, simama. "Waive" maana yake unaachia haki yako. "Undertake" maana yake unajifunga kwa ahadi. Hayo si mapambo ya barua.

"You are advised" kwenye barua ya ofisi mara nyingi siyo ushauri. Ni onyo limenyoosha shati.

Na kama mambo yakiharibika kabisa ukaachishwa, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi, lakini una siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wako. Usizimalize ukitafuta Kiingereza kizuri. Nenda na Kiswahili chako.

Mzee wa Kinzudi siku hizi ana wateja. Vijana wa mtaa wanapita jioni na simu mkononi, mmoja kaandikiwa na benki, mwingine na mwenye fremu. Hatozi. Anauliza swali moja tu kabla hajavaa miwani: "Umeshatuma, au bado?"